Je, Wajua? Sukari Inapokutana na Mtoza Ushuru

Kila Juni, Waziri wa Fedha anaposimama bungeni Dodoma kusoma bajeti, wengi walio kando ya redio husubiri mambo matatu tu: bia, sigara na soda. Hayo mengine watayasoma gazetini kesho. Lakini ule mstari mmoja wa soda una ndugu zake duniani kote, na visa vya ndugu hao vinachekesha kuliko hotuba yenyewe.

Kodi iliyomaliza kazi kabla haijaanza

Uingereza ilitangaza kodi ya vinywaji vyenye sukari Machi 2016, ikaanza kuitoza Aprili 2018, na katika ile miaka miwili ya kungoja, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imeshafanyika. Siri ilikuwa kwenye ngazi zake. Kinywaji chenye sukari chini ya gramu 5 kwa kila mililita 100 hakikulipiwa kitu. Cha gramu 5 hadi chini ya 8 kililipiwa peni 18 kwa lita, na cha gramu 8 kwenda juu peni 24. Makampuni yakapiga hesabu, mengi yakaona nafuu kubadili mapishi kuliko kulipa. Hazina, iliyokuwa imejiandalia pauni milioni 520 kwa mwaka wa kwanza, ikashusha makadirio hadi milioni 240. Si kawaida serikali kukosa fedha kiasi hicho na bado ikapongezwa.

Kisa kinachonoga zaidi kilitokea Uskoti. Huko kuna soda ya rangi ya chungwa kali iitwayo Irn-Bru, ambayo historia yake inaanzia 1901 na ambayo Waskoti huionea wivu kama timu ya mpira. Januari 2018 watengenezaji waliipunguza sukari kutoka gramu 10.3 hadi 4.7 kwa mililita 100. Itazame vizuri hiyo 4.7: imeketi chini kidogo tu ya 5, wala haikufika hapo kwa bahati. Wapenzi wake wakakusanya saini za kupinga, wengine wakanunua shehena nzima na kuifungia stoo. Kelele zilidumu, na baadaye kampuni ikaingiza sokoni toleo lenye mapishi ya kale, sukari tele, kodi juu yake. Pepsi nayo ilivumilia kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2023 ikakata zaidi ya nusu ya sukari yake huko Uingereza na kutua kwenye gramu 4.55. Coca-Cola ya kawaida ilikataa katakata kuguswa. Ikalipa.

Chupa moja inakula hesabu ya kesho

Chupa ya kola ya mililita 300 hubeba sukari inayokaribia vijiko 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula cha siku, na ingekuwa bora zaidi ikibaki chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi au vijiko 6 kwa mtu mzima. Kwa hiyo kabla hujamrudishia mwenye duka chupa yake tupu, sukari ya leo imeisha na ya kesho umeanza kuikopa.

Mbona ulimi haulalamiki? Mtu akikutilia vijiko 8 kwenye kikombe cha chai utamuuliza kama ana ugomvi na wewe. Sababu ni mbili: ukali wa asidi iliyomo huuficha utamu, na baridi huupunguza makali ulimini. Ndiyo maana soda ya moto, ile iliyoshinda kwenye kreti juani, hukinaisha baada ya mafunda matatu.

Keki hukauka, biskuti hulegea

Mwaka 1991 nchini Uingereza, baraza la kodi lilikaa kitako kuamua kama Jaffa Cake ni keki au biskuti. Ni kitafunwa kidogo cha duara, chini pana ulaini wa sponji, katikati jeli ya chungwa, juu chokoleti. Swali lilikuwa na uzito wa fedha, maana keki ilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani, ilhali biskuti iliyopakwa chokoleti ililipiwa kodi kamili. Hoja moja iliyopata nguvu ilikuwa hii: keki ikiachwa nje hukauka na kuwa ngumu, biskuti ikiachwa nje hulegea. Jaffa Cake hukauka. Keki ikashinda. Inasimuliwa hata kwamba watengenezaji walioka moja kubwa ajabu ili wazee wa baraza waone kwa macho yao kwamba ni keki kweli.

Ireland ilifuata njia hiyohiyo mwaka 2020, safari hii kwenye mkate. Sheria ya kodi ya huko inautambua mkate kuwa chakula cha lazima, usiolipiwa kodi, mradi sukari yake isizidi asilimia 2 ya uzito wa unga. Mkate wa Subway ulikuwa na asilimia 10. Mahakama ya Juu ikatamka kwamba, kwa macho ya kodi, ule si mkate.

Nalo jimbo la Illinois, Marekani, lilipoamua mwaka 2009 kutoza pipi kodi kubwa kuliko chakula, liliandika kwamba kitu chenye unga ndani si pipi. Twix ina biskuti ndani yake, basi ikahesabiwa chakula. Chokoleti tupu iliyolala pembeni yake kwenye rafu ilikuwa pipi. Hebu mweleze hilo mtoto wa miaka sita aliyeshika zote mbili.

Peso moja tu

Tarehe 1 Januari 2014 Meksiko ilianza kutoza peso 1 kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari, sawa na asilimia 10 hivi ya bei. Watafiti waliofuatilia manunuzi ya kaya walikuta vinywaji hivyo vimepungua kwa takriban asilimia 6 mwaka wa kwanza, na karibu asilimia 10 mwaka wa pili. Kaya zenye kipato kidogo ndizo zilizopunguza zaidi. Pamoja na soda, vyakula visivyo vya lazima vyenye kalori 275 au zaidi kwa gramu 100 vilitwishwa kodi ya asilimia 8: chipsi za pakiti, keki, pipi.

Ukubwa wa jambo hili utauelewa ukifika San Juan Chamula, mji wa Watzotzil katika jimbo la Chiapas. Ndani ya kanisa la mji ule hakuna mabenchi. Sakafu imetandazwa majani ya msonobari, mishumaa imepangwa chini kwa safu, na katikati ya mishumaa husimama chupa za soda, maana wenyeji huamini kwamba kucheua husaidia kumtoa mtu roho mbaya. Soda imeingia hadi kwenye ibada, na Waziri wa Fedha wa Meksiko naye akataka peso yake kwa kila lita!

Watoto waliokoseshwa pipi, wakafaidi uzeeni

Vita vya Pili vya Dunia viliifanya Uingereza kugawa sukari kwa mgao, na mgao huo ulidumu hadi Septemba 1953, miaka minane baada ya bunduki kunyamaza. Mwaka 1949 serikali ilijaribu kuachia pipi ziuzwe bila kadi. Watu walizivamia kwa pupa hata baada ya miezi minne kadi zikarudishwa! Mgao ulipokoma kabisa, mtu wa kawaida alitoka kwenye gramu kama 40 za sukari kwa siku hadi gramu 80 hivi, tena kwa muda mfupi sana.

Hapo ndipo wataalamu wa uchumi walipoona hazina. Mtoto aliyetungwa mimba mapema alipitia mgao tangu tumboni. Aliyechelewa miezi michache alikuta sukari imemwagika kila mahali. Watoto wa nchi moja, wa kizazi kimoja, tofauti yao kubwa ikiwa tarehe tu. Utafiti uliochapishwa 2024 katika jarida la Science uliwatazama watu wapatao 60,000 wa aina hiyo wakiwa wameshakuwa watu wazima. Waliopitia mgao katika siku 1,000 za mwanzo, kuanzia kutungwa mimba hadi kama miaka miwili, walikuwa na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili pungufu kwa takriban asilimia 35, na ya shinikizo la damu pungufu kwa asilimia 20. Na hata waliougua, kisukari kiliwachelewea kwa miaka kama minne. Hakuna daktari ambaye angeruhusiwa kupanga jaribio la namna hiyo kwa makusudi. Lilipangwa na karani wa kadi za mgao, bila yeye kujua.

Magego nayo yamehesabiwa

Baada ya kodi ya Uingereza kuanza, watafiti walikadiria kwamba idadi ya watoto na vijana wa England waliolazwa hospitali kung'olewa meno yaliyooza ilipungua kwa asilimia 12. Nafuu kubwa zaidi ilikuwa kwa wale wadogo kabisa, wa chini ya miaka mitano.

Wazo la kale kuliko soda

Adam Smith, Mskoti anayeitwa baba wa elimu ya uchumi, aliandika mwaka 1776 kwamba sukari, ramu na tumbaku zinafaa sana kutozwa kodi: hakuna anayezihitaji ili aishi, lakini karibu kila mtu anazitumia. Coca-Cola ilikuwa bado miaka 110 kuzaliwa.

Waingereza walikuwa wameshaonja uchungu wake. Tangu 1733 makoloni yao ya Amerika yalitakiwa kulipa peni 6 kwa kila galoni ya molasi kutoka visiwa vya wageni, ushuru ambao wafanyabiashara waliukwepa kwa magendo bila haya. Mwaka 1764 Bunge la London likaupunguza hadi peni 3, nusu kamili, ila safari hii likaagiza ukusanywe kwelikweli. Wakoloni wakawaka. Walikuwa radhi kudaiwa 6 bila kulipa kuliko kudaiwa 3 na kulipishwa, na hasira ile ilikuwa mojawapo ya zile zilizokuja kuzaa Marekani.

Kwao wenyewe, Waingereza waliufuta ushuru wa sukari mwaka 1874, jamu na biskuti zikashamiri. Mwaka 1901 wakaurudisha. Afya haikutajwa, kulikuwa na bili ya vita vya Makaburu kule Afrika Kusini.

Soda na nguruwe kwenye orodha moja

Juni 2019, soda yenye gesi nchini Oman ilianza kutozwa ushuru wa asilimia 50, na vinywaji vya kuongeza nguvu asilimia 100. Ndani ya sheria ileile mna tumbaku, pombe na nyama ya nguruwe. Kwa ndugu zetu wa Muscat, ambao nyumbani bado wanazungumza Kiswahili cha Unguja, hii ilikuwa aibu mpya kwa soda ya harusini: kupangwa safu moja na nguruwe! Mwaka uliofuata, Oktoba 2020, vinywaji vingine vilivyotiwa sukari vikaongezwa kwenye orodha kwa asilimia 50. Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zilikuwa zimetangulia, zote mwaka 2017. Chai ya maziwa ya kibandani inaendelea na maisha yake, na kila aliyewahi kuinywa anajua haikuhurumia sukari.

Mpaka ukiwa karibu, kodi huvuka kwa gari

Denmark ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutoza kodi mafuta yaliyomo kwenye siagi, jibini na nyama. Ilianza Oktoba 2011, ikafutwa baada ya miezi 15 tu, kwa sababu Wadenishi walikuwa wakiendesha magari hadi Ujerumani na Uswidi kujaza buti. Kodi ya sukari iliyokuwa njiani ikafia humohumo, na kodi yao kongwe ya soda, ya tangu miaka ya 1930, ikaondolewa 2014.

Norwei iliitoza chokoleti kuanzia 1922. Karibu karne nzima! Upande wa pili wa mpaka, Uswidi, sehemu kama Svinesund na Charlottenberg zikaota maduka makubwa ya peremende yanayowategemea Wanorwei. Mwaka 2018 Norwei ilipandisha kodi hiyo kwa asilimia 83 kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2021 ikafutilia mbali kodi ya chokoleti na ya soda pia.

Rekodi ya ufupi ninayoipenda ni ya Cook County, eneo lenye jiji la Chicago. Kodi ya soda ilianza Agosti 2017. Ilipofika Desemba mosi mwaka huohuo, haipo.

Kisiwa kidogo, hesabu safi

Nauru, taifa la kisiwa katika Pasifiki lenye watu wapatao 12,000, mwaka 2007 liliweka kodi ya asilimia 30 kwenye sukari na vyakula vyenye sukari nyingi vinavyoingizwa nchini. Papo hapo likaondoa ushuru wa maji ya chupa. Nimesoma sera nyingi za kurasa mia mbili zisizo na akili ya namna hiyo.

Soda inayolipa ada ya chekechea

Jiji la Philadelphia halikuwaambia watu wake waache soda. Meya Jim Kenney aliiuza kodi yake ya 2017 kwa ahadi ya shule za awali za bure, maktaba na viwanja vya kuchezea. Kodi ilikuwa senti 1.5 kwa kila aunsi ya kinywaji, nayo iligusa hata soda zisizo na chembe ya sukari. Mauzo ya vinywaji hivyo jijini yaliporomoka kwa nusu. Ukitoa walioenda kununua nje ya mji, upungufu halisi ulibaki asilimia 38. Pana mtego hapa wa kupendeza: kila mtu akiisikia kodi na kuacha soda kabisa, chekechea italipiwa na nani?

Embe limezaliwa wapi?

Katika bajeti ya Tanzania ya 2017/18, ushuru wa vinywaji baridi ulipanda kutoka shilingi 58 hadi 61 kwa lita. Chupa ya mililita 300 hapo ilidaiwa shilingi 18 na senti kidogo. Ushuru huo ulipima ujazo tu: soda tamu kupindukia na soda isiyo na sukari zililipa sawasawa. Kwenye juisi ndiko kulikonoga. Iliyotokana na matunda ya nchini ilitozwa shilingi 9 kwa lita, na ya matunda ya nje shilingi 221, zaidi ya mara 24. Kwa maneno mengine, mtoza ushuru alimuuliza embe amezaliwa wapi, hakumuuliza ana sukari kiasi gani. Ni haki yake, kwa sababu alikuwa akimlinda mkulima. Ila tusiseme alikuwa akiyalinda meno.

Rwanda kwa miaka mingi imeitoza soda asilimia 39, mzigo ambao wanywaji wengi wa Dar wangeuonea huruma. Kenya iliongeza pipi kwenye orodha yake ya ushuru mwaka 2018, shilingi 20 za Kenya kwa kilo.

Afrika Kusini ndiyo iliyoshika mizani ya dukani. Tangu Aprili 2018 imesamehe gramu 4 za mwanzo katika kila mililita 100, na kuanzia hapo mwanzoni ilitoza senti 2.1 za randi kwa kila gramu inayozidi. Kola yetu ya mililita 300 ingelipa senti 40 na ushee. Ikipunguzwa sukari kwa nusu, ingelipa chini ya senti 10. Kaya zilizofuatiliwa na watafiti zilikuja kuonekana zinapata sukari pungufu kwa takriban theluthi moja kupitia vinywaji vinavyotozwa. Sehemu ya upungufu huo haikuwa kazi ya mnywaji. Alinunua chupa ileile, mtengenezaji alikuwa ameshaigusa.

Waliopita chini ya kamba

Juisi halisi ya tufaha ina gramu kama 10 za sukari kwa mililita 100, karibu sawa na kola, na Uingereza haiitozi hata peni kwenye kodi yake ya vinywaji. Ufilipino ilipoanzisha kodi yake Januari 2018, peso 6 kwa lita na 12 kwa vinywaji vilivyotiwa sharubati ya mahindi, ilisamehe maziwa, ilisamehe juisi halisi, na ikasamehe kahawa ya pakiti iliyochanganywa tayari na maziwa na sukari, kinywaji cha asubuhi cha mamilioni ya watu. Wanasiasa si wajinga. Kuna vikombe ambavyo ukivigusa, uchaguzi ujao huurudii.

Sasa njoo Forodhani, Unguja, jioni taa zikishawashwa. Muuzaji anakunja muwa, anaupitisha kwenye magurudumu ya mtambo, anaukunja tena na kipande cha tangawizi na ndimu katikati, anaupitisha mara ya pili mpaka unatoka mkavu. Maji ya muwa, kabla ya barafu, kwa kawaida huwa na sukari nyingi kuliko kola kwa ujazo uleule. Risiti ya ushuru haipo. Ukimdai, atakuongezea ndimu.